Dipositi Si Faini ya Kuhama Keja

Najua hii itaniletea maneno na wazee wenye ploti, na wengine wao wanasali msikiti mmoja na babangu, lakini wacha niiseme. Hapa Garissa tumekubali kitu ambacho hakipo kwa sheria ya Kenya: kwamba ukihama keja "kabla ya mwaka kuisha", dipositi yako inageuka kuwa ya mwenye nyumba. Hakuna kodi unadaiwa. Ukuta uko sawa, sinki iko sawa, kitasa kinafunga. Unaambiwa tu, "Umetoka mapema, hiyo sahau." Na unasahau. Unafunga godoro juu ya tuktuk, unaenda zako.

Mimi nasema hiyo pesa ni yako. Na nasema pia kwamba kuhama mapema, kwa mji kama huu wetu, si ukorofi na si kuvunja uaminifu. Ni maisha ya hapa.

Tangu niweke ile klipu ya bei za bedsita karibu na chuo, inboksi imejaa swali moja kwa sura tofauti. Kuna nesi amepata kazi Isiolo na anatakiwa aripoti baada ya wiki tatu. Kuna dada anaolewa Wajir. Kuna msee ambaye mradi wake Dadaab ulifungwa na mshahara ukaisha siku hiyo hiyo. Kuna wanafunzi wengi, wengi kweli, ambao karo imekataa na wanarudi nyumbani katikati ya semista. Wote wanauliza: natoka aje bila kupoteza pesa?

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, hiyo stori mnaijua. Nilikuwa kwa chumba cha elfu tano, nalipa kila tarehe 5, na nilipoenda kusema nahama, mwenye nyumba (simtaji, na haitasaidia mtu) alinikaribisha vizuri, akanipa chai ya maziwa ya ngamia, akaniuliza hali ya mama, halafu akanieleza kwa upole kabisa kwamba mwaka haujaisha kwa hivyo elfu tano itabaki. Mwaka upi? Hatukuwahi kutaja mwaka. Hilo neno lilizaliwa pale, juu ya hiyo chai. Hapo ndio nilielewa kwa nini watu hawapigani na hii kitu. Hapa pesa yako inaendaga kwa heshima, na ukimkatalia mzee unaonekana wewe ndio huna adabu.

Sasa tuangalie huu mji vizuri. Garissa ni mji wa watu wanaohamishwa. Walimu, manesi, askari, karani wa kaunti, watu wa mashirika, wanafunzi. Mtu anaingia na barua, anatoka na barua. Na wakati mwingine hata barua haingoji.

Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Chuo kilifungwa, wanafunzi waliobaki wakapelekwa Moi, Eldoret, na hapa hakukufunguliwa mpaka Januari 2016. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2014, watu 28 walitolewa kwa basi kule Mandera wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda likizo. Walimu wa kutoka down Kenya wakagoma kurudi, wakapiga kambi kwa ofisi za TSC Nairobi. Januari 2020 ikaja Kamuthe, hapa kwetu kaunti ya Garissa: walimu watatu waliuawa, na TSC ikaanza kuwaondoa walimu wasio wenyeji Garissa, Wajir na Mandera. Hebu fikiria mwalimu aliyekuwa amepanga nyumba ndogo hapa. Unataka amalize mwaka kwanza ndio aokoe maisha yake?

Si usalama tu. Aprili na Mei 2024 mto Tana ulipanda ukaingia Ziwani, Bulla Punda na mitaa mingine ya chini. Barabara ya Nairobi ilikatika pale Mororo, watu wakavuka kwa boti, na boti moja ikapinduka watu wakafa. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na vijana waliokuwa na kandarasi kwa miradi ya Dadaab wakarudi mjini bila kazi. Hao wote walikuwa na keja. Hao wote walikuwa na dipositi mahali.

Kwa hivyo mkataba wa mwaka mzima usio na mlango wa kutokea, kwa mji kama huu, ni mkataba ambao pande zote mbili zinajua utavunjika. Mmoja tu ndiye atalipia.

Tuje kwa sheria. Msihepe, nitaifanya fupi, na ndio sehemu mtu asiporuka itamwokolea pesa.

Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inasema hivi kwa lugha yetu: kama mlipopatana hamkutaja nyumba ni ya muda gani, na hamkusema chochote kuhusu notisi, basi upangaji wenu unahesabiwa kwa kipindi cha kodi. Unalipa kila mwezi? Wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Na upangaji wa aina hiyo unaweza kuvunjwa na upande wowote, wewe au yeye, kwa notisi isiyopungua hicho kipindi. Mwezi mmoja. Ni hayo tu. Huhitaji sababu, huhitaji barua ya bosi, huhitaji kumwambia mtu kwamba unaolewa.

Kuna kamtego kadogo hapo ambako wengi wanakaruka. Notisi inatakiwa iishie siku ya kulipa kodi. Mfano: unalipa tarehe 5. Ukitoa notisi Machi 12, mwezi haujatimia ifikapo Aprili 5, kwa hivyo unatoka Mei 5 na Aprili unailipa. Ungeitoa Machi 3, ungetoka Aprili 5. Siku tisa zinakugharimu mwezi mzima. Kwa hivyo ukishaanza tu kunusa uhamisho, angalia kalenda kabla ya kuangalia mizigo.

"Lakini sina agrimenti." Haina shida. Kifungu cha 58 kinakubali upangaji wa miaka miwili kushuka chini, na huu wa mwezi kwa mwezi, ufanywe kwa mdomo au kwa maandishi. Maneno yenu ya siku ya kwanza ni mkataba. Zile jumbe za M-Pesa za kila tarehe 5 ni ushahidi wako, usizifute. Ila niwe mkweli: kama mzee alikuambia wazi siku ya kwanza, "hii nyumba ni mwaka mmoja," na ukasema sawa, na binamu yako alikuwa hapo anasikia, basi ana pa kushikilia. Mdomo unafunga wewe pia, si yeye peke yake. Kesi nyingi ninazoletewa haziko hivyo, hata hivyo. "Mwaka" huwa unatajwa siku ya kutoka.

Na mafuriko? Hii ndio iliniudhi zaidi nilipoisoma, kwa sababu nakumbuka watu wakilipa kodi ya nyumba zilizojaa maji hadi kwa dirisha. Kifungu cha 65 cha sheria hiyo hiyo kinasema nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine ambayo si uzembe wako, kiasi kwamba haikaliki yote au sehemu, kodi inasimama, yote au sehemu yake, mpaka irekebishwe. Ikipita miezi sita haijarekebishwa, una haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Hata kama ni mkataba wa miaka. Sheria imetaja mafuriko kwa jina, si mimi nimeongeza. Mto Tana haukuwa uzembe wa mtu wa Bulla Punda.

Sasa kuna wale wenye karatasi. Umesaini mwaka, kuna mihuri, kuna mashahidi, na hakuna mahali imeandikwa kwamba unaweza kutoka kabla. Wewe huwezi kutoa notisi ya mwezi na kupiga makofi. Umefungwa na muda wako, na mwenye nyumba anaweza kudai hasara yake. Hapo njia ni mbili na zote ni za kuongea.

Ya kwanza ni makubaliano: unamrudishia nyumba, mnaandika kwamba mkataba umeisha tarehe fulani, mnaandika dipositi inaenda wapi, mnaandika hakuna anayemdai mwenzake. Hata iwe kwa karatasi ya daftari. Isainiwe tu.

Ya pili ni kuleta mtu. Tafuta mpangaji mwingine wa kuchukua nafasi yako. Kifungu cha 66 kinakutaka upate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, lakini kinamwambia yeye naye asiinyime bila sababu ya maana. Sawa? Kwa hivyo ukimleta mtu mwenye kazi, anayeweza kulipa, na mzee akakataa kwa sababu tu ni "mtu wa down", muulize hiyo sababu ina maana gani. Wasomali wenzangu, tuongee kidogo hapa. Sisi ndio tunalia kila siku kwamba Nairobi tunanyimwa nyumba tukitaja jina. Katiba, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa kabila na dini, na haikusema ni Nairobi tu. Mwalimu wa Kikamba anayetaka kuchukua keja yako pale Bulla Iftin ana haki ile ile uliyonyimwa wewe South B.

Wengine mtaniambia, "Wacha sheria, hapa tunaenda kwa wazee." Sawa, twende kwa wazee. Sina shida nao, na katiba yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza watu wapatane kwa njia za kimila. Hata chifu anaweza kuwakalisha. Ila chifu hawezi kuamuru dipositi yako ibaki, na kadhi hii si kesi yake. Korti ya kadhi ni ya ndoa, talaka, urithi na mambo ya hali ya mtu kwa Waislamu.

Na kama ni dini mtu anataka kuleta, nilienda kumuuliza maalim wangu wa duksi, yule yule aliyenichapa kwa Surat Yasin. Alinipa jibu ambalo halimpendelei mtu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi hapa, ijara ni mkataba unaofunga pande zote mbili. Huuvunji kwa sababu umebadilisha mawazo, au kwa sababu umepata kazi kwingine. Wahanafi wanakubali udhuru, Washafii hapana. Lakini nyumba ikibomoka au ikaharibika isikalike, mkataba unaanguka. Na kuna kitu kinaitwa iqala, kumwachilia mwenzako kutoka kwa mkataba anapoona umemlemea, na huyo anayemwachilia ana malipo yake kwa Mungu. Maalim akasema wenye nyumba huja kwake na nusu ya kwanza ya hilo somo, ile ya mkataba kufunga. Nusu ya pili huwa wamechelewa darasani.

Na hata ukichukua hiyo nusu ya kwanza peke yake: mkataba unafunga kwa yale mliyokubaliana. Kama hamkukubaliana mwaka, hakuna mwaka wa kukufunga. Na ni wapi mlikubaliana kwamba dipositi ni faini? Ukiniwekea pesa ya kulinda mlango, na mlango uko sawa, mimi naichukua kwa jina gani?

Haya, upande wa pili, kwa sababu najua mama mmoja ataniandikia kwa hasira na atakuwa na haki. Si wenye nyumba wote wana ghorofa Ngamia Road. Wengine ni wajane wenye vyumba vinne vya mabati, na hiyo kodi ndio karo ya watoto. Mpangaji akiondoka ghafla mwezi wa Ramadhani chumba kinakaa tupu, na hakuna anayemfidia. Na sisi vijana si malaika. Kuna ile tabia ya kuhama saa tisa usiku, unaacha bili ya maji, unaacha kitasa kimevunjika, unabloku namba. Mimi siwezi kutetea hiyo. Kwanza haifanyi kazi: huu ni mji ambao mtu akitaka kukupata haulizi polisi, anauliza wewe ni wa nani, na kufikia Asr ameshaongea na adeer wako. Pili, ukitoroka na kodi ya watu umempa sababu halali ya kushika dipositi, ile ambayo hakuwa nayo.

Kwa hivyo naelewa hofu yake. Hofu yake inaponywa na mwezi mmoja wa notisi: siku thelathini za kutafuta mtu mwingine, na wewe umsaidie kwa kuposti chumba kwa stetasi yako. Kuchukua pesa ya mtu aliyetoa notisi, akalipa mpaka siku ya mwisho, akapaka rangi, hilo haliponyi chochote. Ni faida tu, na iitwe hivyo.

Ndugu zetu wa Minneapolis wananiambia huko mambo ni tofauti, na kwa mara moja hawajigambi bure. Sheria ya jimbo la Minnesota inampa mwenye nyumba wiki tatu baada ya mpangaji kutoka kurudisha dipositi, na riba juu, au aandike kwa karatasi amekata nini na kwa nini. Kwetu hakuna sheria inayotaja siku, na hakuna mahali dipositi inawekwa ilindwe. Inaingia M-Pesa ya mzee na hapo ndio benki. Ule mzee mmoja anayeringa kwamba anapangisha nyumba tatu hapa na mwanawe anapanga kule, muulize anapenda sheria ya wapi.

Marekani hiyo hiyo ina sheria ya 2003 ya kuwalinda wanajeshi. Askari akipata amri ya kuhamishwa kituo, anampa mwenye nyumba notisi na nakala ya ile amri, na kama kodi ni ya kila mwezi, mkataba unaisha siku thelathini baada ya tarehe inayofuata ya kulipa kodi, hata kama ulikuwa umebakisha miezi kumi. Wazo lake ni rahisi: mtu ambaye hajiamulii atakaa wapi hawezi kufungwa kama anayejiamulia. Sasa niambie, nani hajiamulii kuliko mwalimu wa TSC aliyetumwa Garissa, au nesi wa kandarasi, au askari wa pale kambini? Wabunge wetu wa Kaskazini Mashariki, mnaopenda kutuambia vile walimu wanatukimbia, hiyo ni sheria ya ukurasa mmoja. Mtu anayejua anaweza kutoka vizuri haogopi kuingia.

Wakati tunangoja hao wabunge (tutangoja), tuiandike wenyewe. Siku ya kuingia, kabla hujatuma pesa, sema hivi: "Mzee, mimi kazi yangu inaweza kunihamisha. Tuandike kwamba yeyote kati yetu anaweza kuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja, na dipositi inarudi ndani ya siku kumi na nne nikiacha nyumba vile niliikuta." Siku ya kuingia mzee anataka pesa yako na atakubali mengi. Siku ya kutoka tayari anayo. Halafu piga video ya chumba chote, kila ufa, kila soketi, ujitumie ili tarehe ibaki.

Na wewe ambaye uko ndani tayari na unataka kutoka, andika. Usimwambie keateka pale kwa geti halafu uhesabu umetoa notisi. Mtumie mwenye nyumba ujumbe, uupige skrinishoti, na kama unaweza mpe na karatasi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Asalaam aleikum mzee. Natumai wewe na familia mko salama. Nakujulisha kwamba nitahama chumba namba 6 tarehe 5 mwezi wa nne. Huu ni ujumbe wangu wa notisi ya mwezi mmoja. Kodi ya mwezi huu nitalipa kama kawaida. Naomba tupange siku ya kukagua chumba pamoja ili unirudishie dipositi yangu ya shilingi 5,000. Kama kuna mtu anatafuta nyumba nitamleta aone. Shukran kwa kunikaa nami vizuri."

Hakuna tusi hapo, hakuna "kifungu cha 57". Hicho kiweke mfukoni. Unakitoa akikujibu "mwaka haujaisha".

Kuna wanaopenda kuikalia ile dipositi: mwezi wa mwisho hulipi, unasema ikatwe huko. Sipingi, mara nyingi ndio njia pekee ya kuiona tena. Lakini mkubaliane kwa maandishi. Ukinyamaza tu, kwa vitabu vyake wewe ni mdeni wa mwezi mmoja, na mdeni anaweza kuletewa dalali. Dalali awe na leseni, tafadhali. Mwenye nyumba mwenyewe hana ruhusa ya kuja na kufuli lake kukufungia vitu ndani, wala kutoa mlango, wala kukata stima ili "uelewe".

Akikataa kabisa kurudisha? Anza na wazee, kwa sababu hapa wanasikizwa na ni bure. Wakishindwa, kuna mahakama za madai madogo, ambazo zimeundwa kwa pesa zisizozidi milioni moja, unaenda bila wakili, na kesi inatakiwa iishe kwa siku sitini. Wale wa vyumba vya kodi ya shilingi 2,500 kushuka chini wana ulinzi wao tofauti, Sheria ya Kudhibiti Kodi na baraza lake, ingawa ukinionyesha keja ya 2,500 mjini hapa siku hizi mimi nahamia leo.

Mnaniuliza kama nilirudishiwa elfu tano yangu. Bado. Nilimtumia mzee ujumbe kama huo wa juu, umebadilishwa kidogo, wiki iliyopita. Tiki mbili za bluu. Jana tulikutana Soko Mugdi, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mama.

Kama wewe ni mwenye ploti na unaona nimekuonea, niandikie. Nitasoma yako yote kwa video ya Ijumaa baada ya swala, bila kutaja jina la ploti wala mtaa. Nakuomba tu ujibu na hili kwa huo ujumbe: ile dipositi ya mpangaji aliyetoka kwako Mei 2024, akibeba watoto kichwani maji yakiwa magotini, iko wapi?